Mahasimu wawili, roho moja, mita 800

Riwaya nyingi za wanariadha wawili wa kike wanaoanza kwa uhasama na kuishia kwenye mapenzi hufa ukurasa ule ule alama ya kifungo cha roho, ishara kwamba wawili hao wameumbiwa kupendana, inapojitokeza mkononi. Mpaka hapo walikuwa wanachukiana vizuri tu. Alama ikishawaka, msomaji anajua wataishia pamoja, na wao wenyewe wanajua. Zinabaki kurasa mia mbili za kungojea jambo lililokwisha kuamuliwa. Majaaliwa yameamua mapenzi, saa itaamua mbio, na wahusika wako hawana tena cha kuamua.

Dawa ninayoiamini ni kukipa kifungo cha roho bei ya uwanjani, bei inayohesabika kwa sekunde. Uwezo wa kujuana unaotokana na kifungo hicho uwasaidie mahali fulani na uwaumize mahali pengine, na kila mara mmoja wao alazimike kuchagua autumie au auache.

Wazo la nusu mbili ni kongwe mno, kwa hiyo usijisumbue kuligundua upya. Katika Karamu, kitabu cha mwanafalsafa Plato wa Ugiriki ya kale, mtunzi wa tamthilia Aristofane anasimulia kwamba binadamu wa mwanzo walikuwa na mikono minne, miguu minne na nyuso mbili, mpaka mungu Zeu alipowakata katikati. Wanawake waliotokana na mwili uliokuwa wa kike pande zote mbili ndio wanaotafuta wanawake. Kuna jambo ambalo waandishi wa michezo hulipita bila kuliona: viumbe hao wa mwanzo walipotaka kwenda kasi walibiringika kwa viungo vyote vinane. Mbio zimo ndani ya hadithi yenyewe. Kwa Kiswahili tunasema mtu amempata ubavu wake, na neno hilo linatosha. Huhitaji kubuni istilahi za ajabu kwa ajili ya ulimwengu wako.

Chagua aina ya kifungo kulingana na mchezo. Jina lililoandikwa kwenye ngozi linafaa barua za mapenzi, lakini uwanjani ni pambo tu. Uzi mwekundu unaoonekana kwa wawili peke yao ni mzuri kwa macho, ila haubadilishi chochote kwenye mbio. Rangi ambazo mtu hazioni mpaka akutane na mwenzake humaliza kazi yake sura ya tatu. Kwa mbio ningechukua maumivu ya pamoja: anachosikia mmoja kwenye mapaja, mwenzake anakisikia. Kisha andika kanuni tatu kabla ya sentensi ya kwanza. Kifungo kinafika umbali gani? Kinaenda upande mmoja au pande zote mbili? Mtu anaweza kukifunga, na akikifunga analipa nini? Ukiziacha wazi, utajikuta unazibuni kila unapokwama, na msomaji ataigundua hila hiyo mapema kuliko unavyodhani.

Sasa mchezo wenyewe. Mita 800 zinafaa kuliko mbio nyingine yoyote kwa hadithi hii, kwa sababu ni fupi kiasi cha kuandikwa yote na ndefu kiasi cha watu kufanyiana ujanja. Ni mizunguko miwili. Kona ya kwanza kila mtu yuko kwenye njia yake, kisha wanavuka mstari wa kuachana na njia na kuingia ndani. Hapo ndipo viwiko hukutana. Mzunguko wa kwanza kwa kawaida huwa wa kasi zaidi: mkimbiaji wa dakika 1:59 anaweza kupita kengele ya mzunguko wa mwisho kwa sekunde 58 na kurudi kwa 61. Kwa hiyo ukiandika kwamba “aliongeza kasi ajabu” mita mia za mwisho, unamdanganya anayejua. Mara nyingi anayeonekana kuruka mbele ndiye anayepungua polepole kuliko wengine.

Kosa la pili ni la kuanza. Vyuma vya kukanyagia na kuchuchumaa huishia mita 400. Kwenye 800 wanaanza wamesimama: amri ya kujipanga mstarini, kisha bastola, bila ile amri ya katikati. La tatu ni la kumaliza. Kinachohesabiwa ni kiwiliwili kufika mstarini. Kichwa, mkono na mguu havihesabiwi. Ule mkono ulionyooshwa kuelekea utepe ni wa filamu.

Hesabu ya njia ndiyo zawadi kubwa zaidi kwa mwandishi, na sijui kwa nini hawaitumii. Njia moja ina upana wa mita 1.22. Anayekimbia njia ya pili kwenye kona moja anaongeza karibu mita 3.8 kuliko aliye ndani. Kwa mwendo wa dakika mbili kamili, hiyo ni zaidi kidogo ya nusu sekunde. Mwanamke anayekubali kupita kona nzima kwa nje ili asimgonge mwenzake aliyejikwaa amempa zawadi ya nusu sekunde, na kwenye fainali nusu sekunde ni medali. Huna haja ya kuandika “alimpenda”.

Tuwaite Mrefu na Mfupi, tuwaone mita 600 zilipoisha.

Mfupi amefungiwa ndani. Mbele yake mgongo, kuliani kiwiko cha Mrefu, kushotoni ukingo wa uwanja. Mapaja yake yanaungua, lakini moto si mmoja. Kuna mwingine juu yake, mzito zaidi, unaopanda kutoka ndama hadi kiunoni, na huo si wake. Mrefu amekwisha. Uso wake hausemi kitu, kidevu kimetulia, mabega yako chini, kocha wake jukwaani angeapa kwamba bado ana akiba. Mfupi peke yake ndiye anayejua. Akiondoka sasa, mita 200 kabla, badala ya kungoja sehemu iliyonyooka, Mrefu hatamfuata. Akingoja, watafika wote wakiwa hai. Anapenya, anaondoka. Na hatua ya tatu tu anausikia moto wa pili ukiongezeka, kwa sababu Mrefu amejaribu kumfuata.

Hapo umepata swali la riwaya nzima: je, kutumia maumivu ya mtu kumshinda ni wizi? Kitabu cha sheria kinakataza msaada kutoka nje ya mbio, lakini hakina kifungu kuhusu roho. Waache wagombane juu ya hilo. Ni ugomvi bora mara kumi kuliko ile simu iliyosikika nusu au picha iliyoeleweka vibaya inayowatenganisha sura ya ishirini.

Kuhusu mpango: mbio tano zinatosha kwa maneno elfu themanini, na kila moja iulize swali lake. Zikizidi, zinafanana. Mashindano makubwa yanakusaidia, maana 800 ina mchujo, nusu fainali na fainali; watu wale wale wanakutana tena na tena ndani ya siku chache, na usiku wa katikati ni wako. Amua mapema kama ni wa nchi moja. Kwenye Olimpiki nchi hairuhusiwi kupeleka zaidi ya wakimbiaji watatu kwa 800, hivyo anayemaliza wa nne kwenye majaribio ya taifa anaweza kubaki nyumbani hata kama ana muda mzuri. Wakiwa wa nchi moja, jeraha liko kwenye nafasi ya tatu na ya nne. Wakiwa wa nchi mbili, liko kwenye fainali.

Na mwisho wao usiwe sare. Ndiyo, Barshim wa Qatar na Tamberi wa Italia waligawana dhahabu ya kuruka juu kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, wote kwa mita 2.37, na ilipendeza. Kwenye riwaya ni mwandishi anayeogopa kumuumiza mmoja. Tazama hoki ya barafu. Caroline Ouellette wa Kanada alitwaa dhahabu kwenye Olimpiki nne, 2002, 2006, 2010 na 2014. Julie Chu wa Marekani alicheza hizo hizo nne akarudi na fedha tatu na shaba moja. Fainali ya Sochi mwaka 2014 Marekani waliongoza 2-0, Kanada wakasawazisha zikiwa zimebaki sekunde 55, kisha wakashinda 3-2 kwenye muda wa nyongeza. Wawili hao ni wapenzi waliojenga familia pamoja. Hakuna aliyehitaji kumwachia mwenzake goli.

Suala la siri nalipita haraka: kama mapenzi yao yamefichwa, taja kwa jina kinachoweza kupotea, iwe nafasi kwenye timu, mdhamini au mama. Hofu isiyo na anwani inachosha.

Mahali pa kuwaweka peke yao? Achana na chumba cha hoteli chenye kitanda kimoja. Kabla ya mbio kipo chumba cha kuitia wakimbiaji: simu haziruhusiwi, spaiki, yaani viatu vya misumari, zinakaguliwa, kila msumari usizidi milimita 9 kwenye uwanja wa kisasa, na mahasimu wanakaa kwenye viti vilivyopangwa wakitazama sakafu. Hapo hakuna mtu anayezungumza, na kifungo chako cha maumivu kinaweza kupitisha hata kichefuchefu cha woga.

Kizuri zaidi ni kituo cha kupima dawa baada ya mbio. Msindikizaji haondoi macho kwa mwanariadha tangu anapoarifiwa. Mkojo unaohitajika ni angalau mililita 90, na mwili uliotoka kukauka kwenye fainali hautoi hata nusu yake. Basi wanakaa, chupa za maji zilizofungwa mezani, jasho limeganda, namba bado zimebanwa kifuani, saa nzima wakati mwingine. Mmoja ameshinda, mwingine ameshindwa, na kila mmoja anasikia miguu minne ikiuma. Aliyeshindwa akipata mililita zake kwanza, karatasi zinasainiwa na yuko huru kwenda. Mwandike akirudi kwenye kile kiti.