Usiku ule wa meno ya Imani

Imani alikua na miezi sita na kitu, tunakaa Mbagala chumba na sebule, baba yake yuko njiani na lori. Toka jioni udenda unamtoka mpaka gauni limelowa kifuani, ngumi yote mdomoni, nikimpa ziwa anabana na fizi anaachia anaanza kulia upya, nikibembeleza ndo kwanza anazidisha.

Saa saba usiku mama mwenye nyumba akagonga, akamfungua mdomo akanionyesha pembeni kwenye chonge pamevimba peupe. "Mwanangu hayo meno ya plastiki, kukicha nakupeleka kwa mzee mmoja anayatoa, usipoyatoa mtoto atakuharishia mpaka umpoteze." Jamani nilitetemeka. Lakini nikamkumbuka mdogo wangu, yeye walimchokoa akiwa mchanga, mpaka leo upande mmoja hana chonge na mama anasema damu ilitoka siku nzima. Nikamwambia mama mwenye nyumba asante, ngoja nimpitishe Imani zahanati kwanza.

Alivyoondoka nikanawa mikono kwa sabuni nikamsugua fizi ya chini taratibu kwa kidole, kwa mara ya kwanza akatulia, macho yananitazama tu. Maji ya kuchemsha nilikua nayo kwenye mtungi, yamepoa kabisa, nikalowesha kitambaa kisafi nikakamua nikampa ncha atafune nimeshika mwenyewe, kikipata joto nalowesha tena. Halafu nikambeba mgongoni kwa khanga, natembea koridoni mpaka adhana ya alfajiri, hapo ndo akalala.

Asubuhi mama mwenye nyumba akanisindikiza, hakukubali niende peke yangu na hilo namshukuru mpaka leo. Nesi akapima joto, 37.4, akasema hiyo sio homa, na meno hayaharishi mtoto, anaharisha kwa uchafu anaookota na kutia mdomoni. Pale peupe akatuambia ni chonge lenyewe la utotoni liko ndani bado, litatoka akikaribia mwaka na nusu, ukilichokoa unaharibu mpaka lile la ukubwani na vidonda vinaingia wadudu. Mama mwenye nyumba akakaa kimya muda mrefu, akasema wajukuu zake wawili alishawapeleka.

Siku ya nne nampa uji kijiko kikagonga kitu fizi ya chini, nikambeba Imani mbio mpaka kwa mama mwenye nyumba nikampa kijiko agonge mwenyewe.