Swali la saba lilivyonitoa jasho Ngamiani

Kwenye dodoso la majaribio la utafiti wangu wa mitandao ya kijamii, swali la saba lilisomeka hivi: "Kwa siku unatumia mitandao ya kijamii saa ngapi?" Niligawa nakala 40 kwenye vijiwe vya bodaboda na saluni za Ngamiani, hapa Tanga, nikarudi zangu Makorora, nikaanza kuingiza majibu kwenye kompyuta. 2, 3, 2, 4, 3. Namba zilikuwa nzuri mno. Nikapiga wastani, ukaja kama saa tatu hivi kwa siku, nikaanza hata kuandika aya ya matokeo.

Aliyenizindua ni kijana mmoja aliyejibu kwa kirefu: "Saa 4 usiku, bando la usiku likianza."

Niliweka kalamu chini. Mimi nilitaka kujua anakaa mtandaoni kwa muda gani. Yeye kaniambia anaingia wakati gani. Na mwenye haki ni yeye, maana ukimuuliza Mswahili "saa ngapi" umemwuliza wakati. Swali nililitoa kwenye dodoso la Kiingereza nikalibeba lilivyo, na mimi hapo ni mwalimu wa Kiswahili! Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Nikarudi kwenye zile 2 na 3 zangu: nani alimaanisha muda wa saa mbili, nani alimaanisha saa mbili ya usiku, wakati wa taarifa ya habari? Hakuna namna ya kujua. Nakala zote 40 zikaingia kabatini.

Msimamizi wangu wa utafiti hakunifokea, ila alipata nafasi ya kunishika pengine. Kichwa cha utafiti wangu kilianza na "Athari za Mitandao ya Kijamii". Akaniuliza, "Mwalimu, athari umeipataje? Unamhoji mtu siku moja. Ukikuta anayekesha TikTok ana huzuni, utajuaje kama TikTok ndiyo iliyomtia huzuni, au huzuni ndiyo inayomfanya akeshe?" Nilikaa kimya. Akanituma nikasome.

Nikasoma. Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford, mwaka 2019, walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza, wakakuta matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Kwa kulinganisha wakapima na mambo mengine, kama kula viazi mara kwa mara. Viazi! Huku kwetu wangeweka mhogo. Lakini mwaka mmoja kabla, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichukua wanafunzi 143, wengine wakawekewa kikomo cha dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao kati ya Facebook, Instagram na Snapchat, na baada ya wiki tatu upweke na sonona vilipungua kwa waliobanwa. Jaribio la namna hiyo ndilo linalosogea karibu na kusema "athari". Sasa mimi nimwekee dereva wa bodaboda kikomo cha WhatsApp wiki tatu, abiria watakaompita nitamlipia mimi? Nikabadili kichwa, nikaandika "Uhusiano kati ya", nikalala.

Vijiweni nilikuwa pia na maswali sita ya kipimo cha uraibu kilichotoka Bergen, Norwei. Moja linauliza kama umetumia mitandao mpaka ikaharibu kazi au masomo yako. Dereva mmoja alinitazama kwa huruma: "Dada mwalimu, wateja wangu nusu wako WhatsApp. Nikizima ndipo kazi inaharibika." Swali sikuligusa, kwa sababu kipimo ukikichokonoa hakilinganishiki tena na cha wenzako. Badala yake nikaliwekea jirani: nikaongeza kando yake swali langu la kama mitandao imemletea mtu kazi mwezi huo.

Saa zenyewe, sasa. Mwaka 2021 Douglas Parry na wenzake walikusanya tafiti nyingi zilizolinganisha anachosema mtu na kinachorekodiwa na simu yake. Uwiano ulikuwa 0.38, pale ambapo 1 ni kufuatana kikamilifu. Nikaona basi dawa ni kuiuliza simu. Kwanza nikaweka utaratibu: mwenye simu aishike mwenyewe, anisomee anachotaka kunisomea, mimi nisipige picha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hili si suala la adabu peke yake, na kusema kweli sikutaka kuona ya watu.

Kijana wa kwanza akafungua mipangilio, akaanza kusoma kwa sauti. WhatsApp, sawa. Facebook, sawa. Alipofika TikTok akasita. "Hii si yangu. Nikirudi nyumbani anaishika mdogo wangu." Wa pili simu yake huwa inapiga kaswida na taarabu kutoka YouTube kijiwe kizima, yeye yuko barabarani na kitochi mfukoni. Wa tatu simu yake haionyeshi muda kabisa, inaonyesha MB tu, na MB ni kipimo cha ovyo kwa kazi hii: mtu anaweza kuchati kutwa nzima zisizidi chache, lakini video mbili tatu zikakomba bando lote. Simu ilikuwa inaniambia habari za simu.

Njia niliipata bila kuitafuta. Bibi mmoja muuza vitumbua, ambaye hata hakuwa kwenye sampuli yangu, alikuwa akimsimulia mwenzake mambo ya jana: "baada ya Adhuhuri", "kabla ya Magharibi". Tanga adhana anaisikia kila mtu, hata asiyeswali. Basi nikaacha kuuliza "kwa siku", nikauliza jana tu, vipande vitano, kutoka Alfajiri mpaka baada ya Isha: katika kipande hiki uliwasha data? Ulifanya nini humo? Ilikuchukua muda gani? Zile namba za simu nikazibakiza pembeni kwa wale waliosema simu ni yao peke yao.

Dodoso jipya nililijaribu kwanza saluni. Dada wa pale alijibu huku anasuka. Alfajiri, alitazama statasi kidogo. Adhuhuri mpaka Alasiri, aliposti mitindo miwili na kujibu wateja. "Alasiri na Magharibi hapana, nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Isha ndiyo nikaingia sasa."

"Ukakaa muda gani?"

"Mpaka bando likakata."

Nikaandika hivyo hivyo, kisha nikamwuliza lilikuwa la shilingi ngapi.