Utete hadi Nyamisati kwa boti: siku nne mtoni na mume wangu

Kabla hatujaondoka nilipewa ushauri na watu wasiopungua kumi na watano, na wote ushauri wao ulikuwa mmoja: mamba. Shemeji alipiga simu usiku kunikumbusha mamba. Jirani alinitumia video ya mamba. Dada mmoja wa kwenye kikoba aliniuliza kama nimeshaandika wosia. Sisemi mamba wa mto Rufiji ni hadithi, wapo na wanakula watu, ndiyo maana ukipita vijijini unaona wamezungushia miti pale wanapochota maji. Lakini katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyenigusia habari ya mchanga. Wala ya kamba. Na hivyo viwili ndivyo vilivyotutoa jasho.

Safari yenyewe haikuwa ya starehe, ingawa mume wangu sasa anaiita "fungate ya pili". Alinunua boti Utete, ya faiba, futi kumi na sita, na mashine ya farasi 8 ya mkono wa pili. Kazi ya boti iko Nyamisati, pale watu wanapopandia vyombo vya kwenda Mafia. Mwenye lori alitaka laki sita kuibeba. Baba Nasra akanitazama, akasema, "Mama Nasra, mto si unakwenda huko huko? Bure?"

Mnisamehe, mimi nilikubali. Mwenzangu amezaliwa Utete, na tangu nimemjua anazungumzia mto ule kama mtu anayezungumzia uwanja wa nyumbani kwao. Kitu ambacho sikukipigia hesabu ni kwamba aliondoka Utete akiwa darasa la nne.

Ilikuwa Septemba. Mafuta, majaketi ya kuokolea, mchele, maji ya kunywa, chandarua, tukaondoka. Petroli tulichukua kama lita arobaini, tukachanganya oili kwa kipimo alichotupa fundi, tukamimina kwa kuchuja na kipande cha kanga yangu kuukuu. Kachujeni, jamani. Kwenye kile kipande nilikuta mchanga, nyasi na kitu kama bawa la panzi.

Dakika ishirini baada ya kuagana na watu kwa mbwembwe, tukapanda fungu la mchanga. Watu walikuwa bado ukingoni wanatupungia.

Rufiji ya kiangazi ni pana mno kwa macho, lakini maji yenyewe yanapita kwenye kijia kimoja tu kinachohama-hama, kwingine kote ni mchanga uliofunikwa kwa maji ya kufikia kifundo cha mguu. Siku ya kwanza tulikwama mara kumi na moja. Nilihesabu, kwa sababu kila tulipokwama mwenzangu alisema "hii ya mwisho". Kila mto ulipopinda alikuwa anakata kona upande wa ndani ili kufupisha njia, na upande wa ndani ndiko mchanga unakolala. Ilipofika mara ya sita nikamwambia anipe usukani, yeye akae omo, yaani mbele, na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Akanuna, ila akakaa.

Mimi sikuzaliwa Utete, kwa hiyo ilibidi nitazame. Nikaona kwamba maji hupita chini ya ule ukingo uliobomoka, uliosimama kama ukuta, na miti imeanguka. Huko ndiko kwenye kina, ukikwepa vigogo. Maji yakiwa laini kama mafuta, pita. Yakiwa na mikunjo midogo-midogo kama shuka lisilopigwa pasi, hapo chini mchanga uko karibu. Na jua likiwa usoni huoni chochote, kwa hiyo jioni tulikuwa tunapumzika mapema.

Ubaya wa hekima hiyo ni kwamba na viboko wanaijua. Pasipo na mchanga pana kiboko, pasipo na kiboko pana mchanga. Mvuvi mmoja tuliyempita alitwambia tugonge ubavu wa boti taratibu kwa kasia ili wainue vichwa tujue walipo, halafu tupite upande wa maji machache, tuwaachie wao kina. Kiboko ukimzibia njia ya kwenda kwenye kina, umemtafuta mwenyewe. Tukagonga. Wakaibuka saba mahali nilipokuwa nimepangia kupita. Tangu hapo mimi ndiye niliyegonga, na Baba Nasra hakutania tena mpaka jioni.

Usiku wa kwanza tulilala kwa wakulima, kwenye dungu lao. Kama hujawahi kuliona, dungu ni kibanda cha juu ya nguzo, mtu analala humo akilinda mpunga usiliwe na nguruwe na ndege. Wenyewe walikuwa wameshavuna, wakatupa nafasi na kambale wa kukaanga, hawakutaka hela, tukawaachia sukari. Mzee wa pale alilalamika kwamba tangu bwawa la kule juu lianze kazi mto haumwambii tena lini unapanda na lini unashuka. "Zamani nilikuwa naujua kama mke wangu," akasema. Mkewe akacheka mpaka akakaa chini.

Daraja la Mkapa tulipita siku ya pili. Nimelipita kwa basi sijui mara ngapi, na kwa basi ni dakika moja, unatafuna korosho. Kwa chini ni kitu kingine. Ni karibu kilomita nzima ya zege juu ya kichwa chako, na malori ya Lindi na Mtwara yananguruma huko juu. Lilifunguliwa 2003. Mama yangu mkwe alikuwa anasimulia jinsi walivyokuwa wakilala Ndundu kusubiri kivuko, mto ukifurika siku zinakatika, watoto wanaharisha. Tulizima mashine tukaelea chini yake kimya. Halafu tukapanda fungu.

Baada ya hapo mto unaanza kugawanyika mikono-mikono na mchanga unapungua. Nikashusha pumzi, nikaamini yameisha.

Usiku wa tatu tulikuwa ndani ya mikoko. Mahali pazuri ajabu, kijito kimetulia, mikoko na michu pande zote, ndege wanarudi kulala, na mwezi mpevu unachomoza. Saa kumi na moja jioni maji yamejaa mpaka kwenye majani. Baba Nasra akachagua mti wa mchu wenye tawi nene, akaifunga omo kwa kamba mpya, fundo la kibaharia, mara tatu, fupi, "isiyumbe-yumbe". Nikampigia makofi. Kweli nilipiga makofi.

Wenyeji wa pwani mtakuwa mmeshacheka. Mwezi mpevu ni bamvua, maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua maji yakijaa jioni, usiku yanaondoka yote, zaidi ya mita tatu. Sisi tulikuwa tumelala.

Kilichoniamsha ni sufuria la wali lililoteremka likanipiga kisigino. Nikafikiri ni mamba, asante kwa washauri wangu. Kumbe boti imesimama. Tezi, yaani nyuma ya boti, imekaa chini kwenye tope, mashine imezama nusu, na omo inaning'inia kwenye mti kama ndoo kisimani. Kila kitu kimeteremka nyuma: madumu, mchele, tochi, mimi, na juu yangu Baba Nasra na chandarua chake. Fundo halifunguki kwa sababu uzito wote wa boti uko juu yake. Nikasema tukate kamba. Akasema kamba ile ni elfu thelathini na tano. Nikamuuliza mimi ni shilingi ngapi. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayepiga hesabu, na jambo hilo bado hatujalimaliza nyumbani.

Alijaribu kushuka aisukume kutoka chini. Mguu mmoja ukazama hadi pajani, nikamvuta kwa jaketi, kandambili ikabaki kule mpaka leo. Basi tukakaa hivyo hivyo, tumelalia mgongo kama tuko kwa daktari wa meno, mbu wanakula, mwezi unawaka, kaa wanakatiza topeni wanatutazama. Saa nane usiku maji yalianza kurudi, tezi ikanyanyuka taratibu, na boti ikalala sawa yenyewe kana kwamba hakuna lililotokea.

Asubuhi alipita mama mmoja mtu mzima kwenye mtumbwi, anakwenda kutazama mitego yake. Akaona tope lilipofika kwenye mashine, akaona fundo juu ya mti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Nani kawafundisha kufunga boti mtini? Mtini hufungwa mbuzi."

Akachukua pondo letu, akalichomeka katikati ya kijito pale penye kina, akalisukuma kwa uzito wake wote mpaka likasimama imara. Kisha akatengeneza kitanzi kikubwa kwenye kamba, akakivika pondoni, kimelegea. Maji yakipanda, kitanzi kinapanda na boti. Yakishuka, kinashuka nayo. Na kwa kuwa uko katikati, hata maji yakiondoka unabakiwa na kina cha kuelea. Ilimchukua muda mfupi kuliko mimi ninavyoandika hapa. Nikampa nusu ya mchele wetu, akatuachia kamba wawili wakubwa na onyo kwamba maji ya hapo yameshaingia chumvi, tusipikie.

Siku ya mwisho tulipita Salale, ambako Baba Nasra alitaka kunionyesha Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyojificha humo hadi Waingereza walipoimaliza Julai 1915. Tukazunguka saa nzima tukichoma mafuta. Hakuna kitu, tope limemeza kila kilichobaki baada ya watu wa vyuma chakavu. Mzinga wake niliwahi kuuona Mombasa, pale Fort Jesus, kwa nauli ya daladala.

Nyamisati tuliingia na maji ya jioni, mimi nikiwa kwenye usukani. Mafuta, chakula, oili, fundi wa kuosha mashine tope, simu yangu iliyozama na sufuria: ukijumlisha haipungui laki tano na nusu. Mwenzangu anasema simu isihesabiwe.

Juzi nilimkuta gatini anamwonyesha kijana mmoja jinsi ya kuvika kitanzi kwenye pondo. Kijana akamuuliza amejifunzia wapi. Akasema kwa babu yake, Utete.