Lava na Mashapo ya Keweenaw

Anayekulia Afrika Mashariki huujua ufa, yaani mpasuko wa bara, ungali hai, kwa matetemeko yake na kwa mlima kama Ol Doinyo Lengai unaotema lava hadi leo, lakini tumbo la ufa huo limefichwa chini ya miguu yake. Nilitamani kuona ufa uliokwisha kufunuliwa, na hamu hiyo ndiyo iliyonifikisha rasi ya Keweenaw, katika jimbo la Michigan, Marekani, inayochomoza ndani ya Ziwa Superior. Miaka ipatayo bilioni 1.1 iliyopita bara la Amerika Kaskazini lilianza kupasuka hapa, kisha likaacha.

Kutoka Houghton barabara inaelekea kaskazini kupitia Calumet, mji uliokuwa wa machimbo ya shaba, juu ya matabaka ya basalti, yaani lava nyeusi iliyoganda, yaliyoinamia ziwani. Sehemu ya juu ya tabaka la lava mara nyingi ina vitundu vya gesi vilivyojazwa madini baadaye, pengine shaba safi isiyochanganyika na kitu kingine. Wageni huja kwa ajili ya shaba. Mimi nilivutwa zaidi na matabaka membamba ya kokoto yaliyolala kati ya lava moja na nyingine, kwa sababu yanaonyesha kwamba kila volkeno ilipotulia, mito ilipita juu yake.

Ufukweni Copper Harbor mambo yamegeuka: kokoto zilizoshikamana ndizo nyingi, nyekundu kwa kutu ya chuma, na karibu zote zimemeguka kutoka miamba ya volkeno. Mito ilizishusha kutoka kingo za bonde la ufa na kuzimwaga kwenye sakafu iliyokuwa ikididimia. Hata hivyo, katikati yake lava inajitokeza tena, ile iitwayo Lake Shore Traps, yenye umri wa miaka milioni 1,087 hivi. Nilisimama hapo kwa muda mrefu, kwani sijaona mahali pengine ambapo moto na maji yameandikwa waziwazi kiasi hicho katika mwamba mmoja.

Magharibi zaidi, kwenye milima ya Porcupine, mto Presque Isle umechonga tope jeusi la ziwa la kale, lililogeuka mwamba uitwao Nonesuch. Volkeno zilikuwa zimezimika, lakini bonde liliendelea kushuka kwa uzito wa basalti na kwa kupoa kwa miamba ya chini, na juu ya tope hilo mito ikarudi kulaza mchanga mwekundu, ambao leo ni mwamba uitwao Freda.