Nilivyojifunza nyimbo za mahafali za Kijapani

Ukiwa na mtoto shuleni Japani, Machi ni mwezi wa kuimba. Mwaka wa masomo huko huanza Aprili na kufungwa Machi, kwa hiyo mahafali huangukia kipindi kimoja nchi nzima, na wiki chache baadaye wahitimu wako shule mpya au kazini. Kwetu Moshi mahafali ya kidato cha nne yana risala, ngonjera na wimbo ambao wahitimu wameutunga kwa ajili ya siku hiyo. Siku ikipita, na wimbo umepita. Huku Saitama, tunakoishi kwa sababu ya kazi ya mume wangu, nilikuta nyimbo ni zilezile miaka nenda miaka rudi. Bibi, mama na mjukuu wanaweza kuziimba pamoja bila karatasi. Nilipolielewa hilo nikajua kwamba na mimi naweza kuingia, maana wimbo unaojulikana na wote una nafasi ya mtu mmoja zaidi.

Mwanangu alipokaribia kumaliza sekondari ya chini, barua ilikuja nyumbani: wazazi wanaopenda wataunda kwaya ya kuwaimbia wahitimu. Nikajiandikisha siku ileile. Nimekulia katika kwaya ya Kilutheri, alto, sauti ya chini ya wanawake, tangu ujana, ila Kijapani changu kilikuwa cha sokoni na cha hospitali. Mazoezini nilijisikia nyumbani haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu wazazi wale hawaitani kwa majina yao. Wewe ni mama wa fulani, basi, kama kwetu.

Wimbo tuliopewa ni "Tabidachi no Hi ni", wimbo wa siku ya kuanza safari. Ulizaliwa mkoa huuhuu wa Saitama, katika shule ya sekondari ya chini ya Kagemori, mji wa Chichibu, uliozungukwa na milima. Mwaka 1991 mwalimu mkuu Kojima Noboru aliandika maneno, mwalimu wa muziki Sakamoto Hiromi akatia tuni, na walimu wakawaimbia wanafunzi waliokuwa wanaondoka. Ilikuwa zawadi ya mara moja. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa anastaafu Machi hiyo. Lakini wimbo ukapita shule hadi shule, na leo ni miongoni mwa nyimbo zinazoimbwa zaidi kwenye mahafali ya Japani. Maneno yanaanza na milima katika mwanga, kisha yanakwenda angani, kwa ndege na mabawa. Niliupenda zaidi nilipojua kwamba kwanza uliimbwa na watu wazima kwa watoto, maana ndivyo na sisi tulivyotaka kuuimba.

Kilichonisaidia kwanza ni Kiswahili. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, na karibu kila silabi inaishia na irabu, kama kwetu. Niliandika maneno yote kwa herufi zetu na kuyasoma kama ninavyosoma Kiswahili, na mama aliyekaa pembeni yangu alielewa kila kitu. Ile "n" inayosimama peke yake inawasumbua wageni wengi, maana nayo ina pigo lake: "sensei" ni mapigo manne, se-n-se-i. Mtu aliyezoea kuimba "Mtakatifu" kanisani, "m" ikishika noti yake mwenyewe, hahitaji kufundishwa hilo. Irabu ndefu ndizo zilizonidai kazi. Ukiifupisha moja, unafika mwisho wa mstari kabla ya wenzako, kwa hiyo niliziandika mara mbili na kuzipigia mstari chini.

Kisha noti. Mimi nasoma solfa, yaani noti za do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi, na do yangu inahama kulingana na wimbo. Mwalimu wetu alipotaja do alimaanisha sauti ileile ya piano siku zote, wimbo uwe wa ufunguo wowote. Nikaomba kurekodi sauti ya alto peke yake, na nyumbani nikaiandika kwa solfa chini ya maneno, d, r, m, kama tulivyofundishwa kwaya. Tangu hapo sikumtazama mwalimu kwa ajili ya majina ya noti, nilitazama mikono yake tu. Wimbo wenyewe unaanza kwa sauti moja, na hapo hakuna shida. Sauti zinagawanyika mbele, mwendo unapochangamka, na kuna mahali maneno yanarudiwa, kundi moja likilifuata jingine. Mahali pale nilipafanyia mazoezi nikiosha vyombo, sauti ya soprano ikitoka kwenye simu, mpaka nikaweza kuishika alto bila kuvutwa juu.

Kwa anayeanza, ningemshauri apitie kwanza "Hotaru no Hikari". Ni wimbo wa mwaka 1881 na tuni yake ni ya Uskoti, ile ya "Auld Lang Syne". Uandike kwa solfa utaona hauna fa wala ti, na nyimbo nyingi za shule za Kijapani za zamani zimejengwa hivyohivyo. Maneno yake yanakumbuka vijana maskini wa China ya kale, mmoja akisoma kwa mwanga wa vimulimuli, mwingine kwa weupe wa theluji dirishani. Mimi nilisoma kwa kibatari. Ubeti ule uliniingia bila tafsiri. Tuni hiyohiyo, ikiwa imegeuzwa kuwa ya mapigo matatu, hupigwa madukani wakati wa kufunga, kwa hiyo sikio langu lilikuwa linaijua kabla sijaimba neno.

"Aogeba Tōtoshi" ni mgumu zaidi. Ni wa mwaka 1884, wa kuwashukuru walimu, kwa Kijapani cha kale ambacho hata watoto wa Kijapani huelezwa maana yake. Mwaka 2011 mtafiti mmoja wa Kijapani alionyesha kwamba tuni yake ilichapishwa Marekani mwaka 1871. Naupenda sana, lakini usianze nao.

Vijana wenyewe wana zao. Darasa la mwanangu liliimba "Tegami" ya Angela Aki, ya mwaka 2008, iliyotumika kwenye mashindano ya kwaya za shule ya NHK, shirika la utangazaji la Japani. Ni barua ya mtu kwa nafsi yake akiwa na miaka 15, umri uleule wa wanaomaliza sekondari ya chini.

Siku ya mahafali ukumbi wa michezo ulikuwa baridi kali. Nyimbo zinasifu maua ya mcheri, lakini katikati ya Machi mcheri wa Saitama kwa kawaida bado ni vichipukizi. Maua huja karibu na Aprili, watoto wakiingia shule mpya. Tatizo kubwa la kuimba pale ni machozi. Koo likibana, alto ndiyo inayotoweka kwanza. Mama mmoja mzoefu alituambia tuvute pumzi ya chini tumboni, tukaze macho ukutani nyuma ya watoto, na tusimtafute mtoto wetu mpaka noti ya mwisho. Nilimtii. Sauti yangu ilifika mwisho. Noti ilipokwisha nikamtafuta mwanangu, naye alikuwa ananitazama, uso umelowa, wala hakuuficha kwa wenzake.

Aprili alianza sekondari ya juu. Baadhi yetu wa kwaya ile hatukutaka kuachana, tunakutana jioni kwenye ukumbi wa mtaa. Sasa tuko kwenye "Hana" ya Taki Rentarō, ya mwaka 1900, inayousifu mto Sumida wa Tokyo katika majira ya machipuko. Taki alifariki mwaka 1903, akiwa na miaka 23 tu. Wimbo una sauti mbili, na ya chini ni yangu. Beti zake tatu zinafanana lakini hazilingani, kila mmoja una mabadiliko madogo ya tuni na mapigo, kwa hiyo naziandika solfa moja moja, na wa tatu bado sijaumaliza.