Maua kwenye ukingo wa roshani, ghorofa ya tatu

Tunapanga Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, na shamba letu lote ni roshani inayotosha viti viwili na kamba ya nguo. Nilitaka maua ya rangi kali, ambayo mtu anayaona tangu akiwa barabarani. Kabla ya kwenda kuchagua miche nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya uzito, maana chini yetu watoto wa jengo zima hucheza kila jioni.

Sanduku la urefu wa sentimita 80, upana 20 na kina 20 linabeba lita 32. Udongo wa kawaida ukishakunywa maji unafika kama kilo moja na nusu kwa kila lita. Piga mwenyewe: ni karibu mfuko mzima wa saruji unaning'inia juu ya vichwa vya watu. Sanduku nikaliacha hapo hapo. Nikatafuta madumu matupu ya mafuta ya kula, yale ya lita 20, nikayalaza, nikakata ubavu wa juu, na upande wa chini nikatoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea fremu za chuma zenye kulabu za kushika bomba la ukingo. Yeye alitaka zikae kwa nje ili zipendeze. Nikamwambia, fundi, zikae ndani. Maua yenyewe yatainamia nje kufuata mwanga, dumu halina shughuli huko. Fremu zilipakwa kwanza rangi ya kuzuia kutu, kwa kuwa hewa ya bahari huku inakula chuma bila huruma. Madumu nikayapaka nyeupe yasishike joto sana.

Udongo niliufanya mwepesi. Nusu ni usumba wa nazi uliochambuliwa, robo ni samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, robo iliyobaki udongo wa juu kutoka shambani. Usumba unashika maji vizuri, lakini usuuzwe mara kadhaa kwanza, hasa kama makumbi yalifukiwa pwani, la sivyo chumvi itaunguza mizizi. Mbolea ya kuku sikuigusa. Ni kali mno kwa chombo kidogo.

Suala la jua lilihitaji akili kidogo. Maelekezo mengi ninayoyakuta yameandikwa Ulaya au Marekani, nayo yanakuambia dirisha la kusini ndilo lenye jua. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana linapita upande wetu wa kaskazini, halafu linavuka kwenda kusini. Roshani yetu inatazama kaskazini, kwa hiyo katikati ya mwaka inawaka, na Desemba dari la jirani wa juu linaitia kivuli. Ndiyo maana sina mpango mmoja wa mwaka mzima.

Miche nilinunua kwa wale vijana wenye vitalu kando ya barabara. Petunia zilinivutia kweli, lakini joto letu la Januari si lake, nikazipita. Nguzo yangu ni vinka, nyeupe na waridi. Asili yake Madagaska, jua haliogopi, na ua lililokwisha linadondoka lenyewe bila kuchumwa. Inachochukia ni mizizi kulowa, kwa hiyo masika nasogeza madumu yake hadi ukutani mvua isiyafikie. Pembeni kuna potulaka za njano, nyekundu na machungwa. Hizo hufunguka jua likitoka na kujifunga jioni, na ukikata kijitawi ukakichomeka udongoni kinashika. Siku za kivuli zikija naweka koliasi, ambayo rangi yake iko kwenye majani.

Nilihitaji pia kitu cha kutambaa na kumwagika ukingoni. Mke wangu akaleta matembele. Nilicheka, lakini yanaanguka kama pazia na tunayala. Yana dumu lake peke yake, mbali kabisa, kwa sababu yanakunywa maji kuliko wote na kwa sababu vinka ni sumu ukiila. Sitaki mtu achume mboga gizani akakosea jani. Ndiyo maana pia hapa hapapuliziwi dawa: wadudu mafuta nawaosha kwa maji yenye sabuni kidogo.

Maji ndiyo yangeweza kutugombanisha na watu. Nilishuka mapema kwa mama wa ghorofa ya pili, nikamwamkia, nikamweleza ninachotaka kufanya.

"Panda tu, mwanangu," akasema, "ila shuka zangu zikipata tope utazifua wewe."

Tukakubaliana: namwagilia alfajiri, kabla hajaanika. Sahani za kukinga matone ninazo, ila namwaga maji yake papo hapo. Dar imeshapata milipuko ya dengi, 2014 na 2019, na mbu wake wanapenda hasa vijimaji safi vya namna hiyo. Kiangazi cha kaskazi madumu haya yanakauka upesi, hivyo narudia kumwagilia jioni, kikombe kwa kikombe mpaka udongo ulowe bila kuchuruzika. Kwa kuwa maji mengi hivyo yanaosha rutuba, kila baada ya wiki chache naongeza samadi kiganja kimoja kwa dumu. Nikizidisha, napata majani mengi na maua machache.

Mama wa chini sasa ameomba vijitawi vya potulaka, na fundi amepata kazi nyingine ya fremu. Mama naye anataka zikae kwa ndani.