Nilivyoipata Zarathustra ya 1973 bila kuwa na bei yake

Museo Rosenbach, bendi ya Italia ya roki ya progressive (roki ya tungo ndefu zenye vinanda vingi), walitoa santuri moja tu ujanani mwao. Walikuwa vijana watano wa Bordighera na Sanremo, pwani ya Liguria karibu na mpaka wa Ufaransa. Kampuni ya Ricordi ikaitoa Zarathustra mwaka 1973, na muda si mrefu kundi likasambaratika. Aliyepata jina kubwa baadaye ni mpiga ngoma, Giancarlo Golzi, alipojiunga na Matia Bazar, kundi la pop ambalo hata mama wauza samaki wa Genova wanaimba nyimbo zake.

Santuri haikuuza. Jalada lake ni jeusi, lina sura iliyoungwa kwa vipande vya picha, na kimojawapo ni sanamu ya kichwa cha Mussolini, yule dikteta wa kifashisti. Juu ya hapo jina limetoka kwa Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani ambaye mafashisti walipenda kumtaja. Italia ya miaka ile vijana wa mrengo wa kushoto na wa kulia walikuwa wakitwangana barabarani, kwa hiyo redio ya taifa, RAI, ikaikalia mbali. Wanamuziki wenyewe wamekana siku zote kuwa mafashisti, na ukiyasikiliza mashairi huoni siasa hiyo. Lakini nani alikuwa na muda wa kusikiliza mashairi?

Nakala zikabaki chache, ndiyo maana leo toleo la kwanza linauzwa kwa mamia ya euro. Mimi nilikuwa mwanafunzi Genova, usiku naosha vyombo mgahawani.

Mtu ataniuliza, si ungenunua la kuchapwa upya? Ninalo. Wajapani waliipenda bendi hii hata kabla Waitalia hawajaikumbuka, na imechapwa upya mara nyingi. Ila nilitaka ile iliyopigwa wakati ule, na sababu kubwa ni Mellotron. Kile kinanda cha Kiingereza kina utepe wa sumaku chini ya kila kibonye, umerekodiwa fidla au kwaya. Ukibonyeza, utepe unavutwa. Ukishikilia kama sekunde nane, umekwisha, sauti inakatika. Mpigaji lazima apumue nacho. Upande wa kwanza wote ni utungo mmoja wa dakika kama ishirini, na pale Mellotron inapoingia chini ya sauti ya Stefano Galifi, nikiwa mtoto wa Tanga niliyekulia fidla za taarabu, nywele zilinisimama. Rekodi yenyewe ina ukungu, sikatai. Naipenda na ukungu wake.

Kwanza nilijifunza kukagua. Genova kuna Via del Campo, uchochoro wa mji wa kale, ambako duka la Black Widow limebobea kwenye muziki huu; ndio waliotoa santuri ya Il Tempio delle Clessidre, bendi ambayo Galifi aliimba nayo alipokuwa mtu mzima. (Ukilitafuta, angalia namba nyekundu, maana Genova maduka yana namba zake na nyumba zina zake.) Nilikuwa nakwenda kuangalia tu, na hakuna aliyenifukuza. Wazee wanaoshinda kwenye maduka ya santuri wanapenda kuulizwa. Walinionyesha kwamba Zarathustra ya kwanza ina jalada la kufunguka kama kitabu, imeandikwa SMRL 6113, haina msimbo wa mistari nyuma, na kwenye lebo kuna alama ya SIAE, chama kinachokusanya haki za watunzi. Kisha unaiinamisha chini ya taa usome namba zilizochorwa kwenye ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Jalada laweza kuwa la kweli na sahani ya ndani ikawa nyingine kabisa. Usipoitoa ukaitazama, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Bordighera yenyewe nimefika. Utakuta mitende mizuri sana. Santuri hakuna.

Njia ilifunguka kwenye maonyesho ya santuri ya Novegro, karibu na uwanja wa ndege wa Linate, Milano. Mzee mmoja wa Torino alikuwa na nakala yenye jalada lililochakaa pembeni. Aliposikia natoka Tanzania, akaacha habari ya Museo Rosenbach akaanza kuniuliza Morogoro Jazz, Simba Wanyika, santuri ndogo za mizunguko 45 zilizochapwa Nairobi. Zamani bendi zetu zilikuwa zikichapiwa Kenya, na Wazungu wanaozitafuta sasa ni wengi kuliko tunavyodhani. Nikamwambia asiiuze, nitarudi.

Likizo nikaenda Tanga kwa mjomba aliyewahi kuwa na baa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia au umekuja kwa shughuli?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanitolea sanduku. Tuliwekeana sharti kwamba nachukua zile tu ambazo ziko mbilimbili, na za Mbaraka Mwinshehe sigusi hata kama ziko tatu. Nilikubali bila kubishana, kwa sababu sharti hilo hata mimi ningeliweka. Kuna walanguzi wanaokomba masanduku ya wazee wetu kwa bei ya soda, na sikutaka kuwa mmoja wao. Nilizifunga katikati ya mashati, nikazibeba mkononi ndani ya ndege.

Kwa mzee wa Torino kazi ilikuwa kupatana. Alitaka zote, nilimpa zilizokuwa safi zaidi pamoja na fedha kidogo, na kabla ya kushikana mikono nilimwomba taa nikakagua sahani pande zote mbili. Upande wa pili kuna mkwaruzo unaogonga kwenye wimbo wa Degli uomini. Nilitumia mkwaruzo huo kurudisha santuri mbili za mjomba.

Mzee bado hunipigia simu kuuliza sanduku lile limebaki na nini. Nilimfikishia mjomba salamu zake. Jibu lilikuwa kwamba, kama anazitaka kweli, aje mwenyewe Tanga, na asije mikono mitupu.